Hollywood ilipokuja kwetu: maoni yangu juu ya The African Queen, Mogambo na Casablanca

Mleta mada

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika kuhusu filamu za zamani za Marekani, zile za kuanzia miaka ya 1930 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambazo wazazi wetu waliziita picha tu, na ambazo wengi wetu tulizikuta kwenye mikanda ya video iliyokwisha kuchakaa. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: kati ya filamu hizo, zipi zilipigwa kwetu, na je, ni nzuri? Naomba nilijibu kwa kirefu, kwa sababu jibu langu la leo silo nililokuwa nikilitoa zamani.

Zamani niliamini kwamba filamu iliyotoka studio na kuja kupigwa mahali penyewe lazima iwe na ukweli mwingi kuliko ile iliyojengewa mbao na turubai kule California. Siamini hivyo tena. Nimezirudia filamu hizi moja baada ya nyingine, na nimefikia uamuzi kwamba filamu ya kipindi kile inayojua zaidi habari za watu waliotupwa ugenini na vita ni Casablanca, ambayo haikukanyaga Afrika hata siku moja, na kwamba nyingi kati ya zile zilizosafirisha malori, mahema na kamera hadi Kenya, Uganda, Tanganyika na Congo ziliiona milima yetu na wanyama wetu, lakini watu wake hazikuwasikiliza.

Nianze na The African Queen ya mwaka 1951, kwa kuwa ndiyo niipendayo zaidi kati ya zilizopigwa kwetu na ndiyo inayoniuma zaidi. Mwongozaji John Huston aliwaleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn hadi mto Ruiki nchini Congo, kisha Butiaba kwenye Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison nchini Uganda. Kamera za rangi za wakati ule zilikuwa mzigo mzito, na mpiga picha Jack Cardiff alilazimika kufanya kazi nazo juu ya maji, penye joto na nafasi finyu. Watu wengi waliugua. Hepburn mwenyewe aliugua tumbo vibaya, ilhali Bogart na Huston, ambao walipendelea whisky kuliko maji, walisalimika. Taabu hiyo inaonekana usoni mwao, na inaifaa hadithi. Bogart alipata kwa filamu hii tuzo yake pekee ya Oscar, na kwa maoni yangu aliistahili, kwa kuwa hakuna mahali pengine alipokubali kuonekana mchafu, mwoga na mwenye aibu mbele ya mwanamke kama alivyokubali hapa. Nawaomba pia mkumbuke kwamba ile sehemu anapotoka majini akiwa ameng'ang'aniwa na ruba mwilini, ambayo kila aliyeitazama anaisimulia, haikupigwa mtoni. Ilipigwa studio nchini Uingereza.

Lakini zitazameni vizuri dakika za mwanzo. Hadithi inaanza mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mchungaji Mwingereza anaimbisha ibada kwa sauti kubwa, dada yake (Hepburn) anakanyaga kinanda huku jasho likimtiririka, na waumini waliojaa kanisani wanatoa mngurumo usio na neno hata moja. Sehemu hiyo ilikusudiwa kuchekesha, na kweli mtazamaji wa Ulaya alicheka. Mimi kila ninapoisikia natega sikio nikitafuta neno, hata moja tu, la lugha yoyote ya watu. Biblia nzima kwa Kiswahili ilikuwa imechapishwa tangu mwaka 1891, na Kiswahili ndicho serikali ya Wajerumani ilichokitumia katika shule na ofisi zake. Kanisa la mwaka 1914 katika nchi hiyo lingekuwa na nyimbo zenye maneno, ziwe za Kiswahili au za lugha ya pale kijijini, na wazee wa kanisa ambao wangemsahihisha mchungaji alipokosea. Kosa hili si la bajeti wala la vifaa. Kumwuliza mtu mmoja wa pale aimbe anachokijua kusingegharimu kitu.

Ibada ikiwa bado inaendelea, Charlie Allnut (Bogart), nahodha wa mashua iitwayo African Queen, anatupa sigara yake nje ya kanisa na watu wanaigombania. Kisha askari wa Kijerumani wanafika, wanachoma kijiji, wanawaswaga wanakijiji, na tangu hapo hatuwaoni tena hadi filamu inakwisha. Sisi tunajua watu kama wale walipelekwa wapi. Walipelekwa kubeba mizigo ya vita, wengine upande wa Wajerumani, wengine upande wa Waingereza. Soko kubwa la Dar es Salaam linaitwa Kariakoo mpaka leo kwa sababu kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kiliwahi kuwa na kambi pale, na Nairobi nao wana Kariokor yao. Huston alikuwa na hadithi hiyo mkononi tangu mwanzo, akaiacha ufukweni na kuondoka mtoni na watu wawili. Hao wawili nawapenda. Wale walioachwa ufukweni siwezi kuwasahau.

Mogambo ya mwaka 1953 siipendi, ingawa namheshimu sana John Ford, ambaye alitoka kushinda tuzo yake ya nne ya Oscar ya uongozaji kwa The Quiet Man. Kundi lake lilipiga picha Kenya, Uganda na kandokando ya mto Kagera katika Tanganyika, kisha sehemu za ndani zikamaliziwa Uingereza. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952, na kamera zilianza kazi katika miezi ile ile. Katika filamu hakuna hata mnong'ono wa jambo hilo. Kuna mwindaji (Clark Gable), wanawake wawili wanaomgombania, na nchi nzima imekuwa pazia la nyuma yao.

Tunayo bahati ya kuweza kupima, kwa sababu hadithi hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kutengenezwa mwaka 1932 kwa jina la Red Dust, chini ya mwongozaji Victor Fleming, na Clark Gable yule yule akiwa kijana zaidi. Wakati huo hadithi iliwekwa katika shamba la mpira huko Indochina, na yote ilipigwa katika studio za MGM. Mvua ni ya mabomba na msitu ni wa kupandwa, lakini unahisi unyevu, unahisi watu wamefungiwa pamoja wakachoshana, na Jean Harlow anasema na Gable kama mtu asiye na cha kuficha. Tena ilitengenezwa kabla Hollywood haijaanza kuzisimamia kwa ukali kanuni zake za maadili mwaka 1934, kwa hiyo wakubwa waliruhusiwa kuwa wakubwa. Katika Mogambo tembo ni wa kweli na mto ni wa kweli, lakini tazama gorila: Gable anatazama upande mmoja, picha inakatwa, gorila anatokea katika picha yenye ubora mwingine kabisa, inakatwa tena, Gable anashusha bunduki. Mtu na mnyama hawakutani hata mara moja katika fremu moja. Huko ni kusafiri maelfu ya maili ili kupata kilekile ambacho kingepatikana kwa kununua picha za wanyama na kuziunganisha.

Nina jambo moja la kuisifu, mbali na Ava Gardner ambaye ndiye anayeibeba. Mogambo haina muziki wa okestra uliotungwa kwa ajili yake. Kinachosikika ni nyimbo na ngoma za watu wa huku, kama ilivyofanywa pia katika King Solomon's Mines ya mwaka 1950. Hapo, na karibu hapo tu, filamu hizi zilinyamaza zikatupisha.

Sasa nije kwenye Casablanca, hadithi ya wakimbizi wa vita waliokwama katika mji huo wa Morocco na kukutana katika mkahawa wa Rick, anayechezwa na Bogart. Ilipigwa kati ya Mei na Agosti 1942, karibu yote katika studio za Warner Bros. kule Burbank, chini ya mwongozaji Michael Curtiz, Mhungaria. Ile ndege ya mwisho kwenye ukungu ni mfano mdogo wa kuundwa, na mafundi wanaoizunguka ni watu wafupi waliochaguliwa ili ndege ionekane kubwa. Ukungu wenyewe uliwekwa ili kuficha udanganyifu huo. Kwa kipimo changu cha zamani, ningeiita filamu ya uongo mtupu.

Lakini hesabuni watu. Kati ya waigizaji walioandikwa majina mwanzoni mwa filamu, waliozaliwa Marekani ni watatu tu: Bogart, Dooley Wilson na Joy Page. Conrad Veidt, anayecheza adui mkuu, meja wa Kinazi, alikuwa ameikimbia Ujerumani mwaka 1933 pamoja na mkewe Myahudi. Madeleine Lebeau, anayecheza Yvonne, hakuwa ametimiza miaka 20, na alikuwa ameikimbia Ufaransa mwaka 1940 na mumewe Marcel Dalio, anayeonekana kwenye meza ya kamari, wakipitia Lisbon, njia ile ile ambayo kila mtu ndani ya hadithi anaililia. S. Z. Sakall, mhudumu mnene mwenye upole, alipoteza dada zake watatu katika kambi za Wanazi.

Kuna tukio dogo la kama dakika moja ambalo nadhani msemaji wa Kiswahili analielewa haraka kuliko Mmarekani. Wazee wawili, mume na mke, wakimbizi wanaozungumza Kijerumani, wanamwambia yule mhudumu kwamba tangu sasa watasema Kiingereza tu, ili wajisikie nyumbani watakapofika Marekani. Mume anamwuliza mkewe ni saa ngapi, lakini kwa Kiingereza anatumia neno la saa ya mkononi. Mke anamjibu kwa neno lile lile, "ten watch", yaani saa nne. Mmarekani anacheka kwa kuwa kwake hayo ni maneno mawili. Kwetu saa tunayoivaa na saa tunayoiulizia ni neno moja, kama ilivyo kwa Wajerumani, na yeyote aliyejifunza Kiingereza ukubwani anajua kosa hilo linatoka wapi. Waliolicheza, Ludwig Stössel na Ilka Grüning, walikuwa wakimbizi wenyewe. Mhudumu hawasahihishi. Anawaambia watafanikiwa vizuri sana Marekani, na uso wake wakati anasema hayo ndio sababu ya mimi kuandika uzi huu.

Tulizoea kuambiwa kwamba stelingi hashindwi. Hapa stelingi anampoteza mwanamke, anapoteza mkahawa, anabaki amesimama kwenye uwanja wa ndege wa mbao, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba alihisi ametapeliwa.

Mchangiaji, Arusha

Mkuu, nimekusoma kwa makini, lakini naona umeiruka Hatari! ya mwaka 1962, na sidhani kama ni kwa bahati mbaya. Hiyo ina jina la Kiswahili lililokwenda dunia nzima, ilipigwa Momella, Manyara na Ngorongoro, na John Wayne alikaa mwenyewe kwenye kile kiti cha mbele ya gari akimfukuza faru. Hoja yako ya kwamba kamera kuja kwetu hakukuleta kitu inavunjika hapo.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Arusha, hoja yako ni ya haki, na niliiacha Hatari! kwa makusudi ili nisiipitie juu juu. Katika waongozaji wote waliokuja, Howard Hawks pekee ndiye aliyejua mahali halisi panaweza kutoa nini ambacho studio haiwezi, nacho ni kazi. Hakuja kutafuta mandhari ya kuweka nyuma ya wapenzi. Alikuja kupiga picha za watu wakifanya jambo gumu mbele ya macho yetu.

Tazama ukamataji wa faru. Gari linakwenda kasi juu ya ardhi yenye mashimo, mshikaji amefungwa kwa mkanda kwenye kiti kilichotokeza upande wa mbele, mkononi ana fimbo ndefu yenye kitanzi, na faru anapiga pembe kwenye bati la gari. Mnyama na mwigizaji wako katika fremu moja, ndani ya vumbi moja, na mtu hahitaji kuambiwa kwamba ni hatari. Linganisha na yule gorila wa Mogambo, na tofauti ninayoisema itaonekana bila maneno yangu.

Anayezijua filamu za Hawks ataona pia kwamba hadithi ni ile ile aliyokuwa akiisimulia tangu Only Angels Have Wings ya mwaka 1939, ambayo uwanja wake wa ndege wa Amerika Kusini ulijengwa studio, na Rio Bravo ya mwaka 1959, ambayo iliandikwa kwa sehemu na Leigh Brackett, mwandishi wa Hatari! pia. Kila mara ni kundi la watu wanaopimana kwa ustadi wa kazi, na mgeni, aghalabu mwanamke, anayelazimika kuthibitisha kwamba anastahili kukaa nao mezani. Napenda jinsi anavyolirudia jambo hilo. Kwa dakika 157 karibu hakuna kisa, kuna msimu wa kazi tu, na sichoki.

Hata hivyo, jaribu kuitazama tena ukiwafuata kwa macho wale wanaume wa huku wanaoruka kutoka kwenye lori na kamba mara mnyama anaposhikwa. Bila mikono yao hakuna mnyama ambaye angesimama. Jioni inapofika, wazungu wanaketi barazani, wanakunywa, wanacheza kinanda, wanagombana, wanapatana. Wale wenye kamba hatuambiwi wanalala wapi wala wanaongea nini kuhusu siku yao. Hawks, ambaye alijua kuliko yeyote kwamba kazi ndiyo inayomjulisha mtu, aliwapa kazi akawanyima jioni. Waliimaliza kazi ya kupiga picha kabla ya Desemba 1961, na filamu ilipotoka Tanganyika ilikuwa nchi huru.

Mchangiaji, Kigoma

Shikamoo mleta mada. Sisi wa huku tumekua tukiambiwa kwamba meli inayolipuliwa mwishoni mwa The African Queen ndiyo Liemba yetu. Je, ni kweli?

Mleta mada

Marahaba, mwanangu. Ni kweli kwa upande mmoja tu. Liemba, ambayo wakati huo iliitwa Graf von Götzen, ndiyo inayotajwa kuwa mfano wa ile meli ya vita ya Kijerumani katika hadithi, lakini picha zilipigwa kwa chombo kingine. Habari ya kweli ni tofauti kabisa na ya filamu. Meli ilitengenezwa Papenburg nchini Ujerumani, ikaletwa vipande vipande kwa bahari na kwa reli, ikaunganishwa Kigoma. Haikulipuliwa na wapenzi wawili wenye mashua. Mwezi Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha walipokuwa wanaondoka, baada ya kuzipaka injini mafuta mazito ili zisioze. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ikabeba abiria na dagaa kwa miongo mingi. Nikipewa nafasi ya kuchagua, ningeitazama filamu ya wale mafundi wanaoipaka meli mafuta kabla ya kuizamisha.

Mchangiaji, Mombasa

Ahsante kwa uzi huu, bwana. Nina neno moja. Umewalaumu Huston, Ford na Hawks kwa kutowasikiliza watu wa nchi walizopigia picha, kisha ukaisifu Casablanca kwa ukweli. Wamorocco wako wapi katika Casablanca? Mji ni wao.

Mleta mada

Swali hili limenifanya niitazame tena jana usiku kabla ya kujibu, na nimeitazama nikiwa na swali lako peke yake.

Yuko Abdul, mlinzi wa mlango wa chumba cha kamari, aliyechezwa na Dan Seymour, mzaliwa wa Chicago. Yuko mwuza vitambaa sokoni, aliyechezwa na Frank Puglia, mzaliwa wa Italia, ambaye anateremsha bei kila mara anapoambiwa kwamba mteja ni rafiki wa Rick. Wapo wapita njia wenye kanzu. Mmorocco mwenye shauri lake mwenyewe hayupo. Kwa hiyo nakubali kwamba lawama niliyowapa wale watatu inamwangukia Curtiz pia, na nilikosea kuandika kana kwamba amesalimika. Nilichokisema juu ya wakimbizi nakishikilia, kwa kuwa wakimbizi walikuwemo ndani ya chumba wakicheza maisha yao. Wamorocco hawakuwemo.

Nimeirudia pia ile sehemu ambayo kila mpenzi wa filamu hii anaijua. Maofisa wa Kijerumani wanaimba wimbo wao kwenye kinanda. Victor Laszlo, mkimbizi anayepigana na Wanazi, anawaendea wapiga muziki na kuwataka wapige La Marseillaise, wimbo wa taifa wa Ufaransa. Wanamtazama Rick, Rick anatikisa kichwa kidogo kukubali, na mkahawa mzima unasimama kuimba. Kamera inamsogelea Laszlo, kisha mwimbaji mwenye gitaa, kisha Yvonne, ambaye aliingia usiku ule akiwa na mwanajeshi wa Kijerumani na sasa analia huku akiimba, na machozi ya Madeleine Lebeau, ambaye nchi yake ilikuwa mikononi mwa adui siku ile alipoyalia, hayakuhitaji mwongozaji. Miaka yote nimeitazama sehemu hiyo koo likiwa limenikaba, na jana pia lilinikaba. Kisha nikakumbuka ulichoandika. Mkahawa ule uko Morocco, na Morocco ilikuwa chini ya himaya ya Ufaransa tangu mwaka 1912, na ingebaki hivyo hadi mwaka 1956. Abdul, kama angeombwa auimbe wimbo ule wa uhuru, angekuwa anauimba wimbo wa taifa la wanaomtawala.